Programu ziko D, Windows iko C: bakapu inakwama wapi

Mtu amegawa diski yake katika patisheni (sehemu) mbili: C ina Windows, D ina programu zote alizosakinisha. Siku ya kuchukua bakapu anafungua zana ya kutengeneza imeji ya mfumo, yaani nakala nzima ya patisheni kama zilivyo, akitaka C peke yake iingie, lakini anakuta D imeshatiwa alama na alama hiyo haiondoki. Mwingine anataka D iwe mahali pa kuhifadhia imeji, zana inamkatalia. Wa tatu bakapu yake ilikamilika bila kosa lolote, akairejesha C, kompyuta ikawaka vizuri, kisha nusu ya programu zikagoma kufunguka.

Ukiyatazama juu juu, haya ni matatizo matatu tofauti, na wengi huyashughulikia moja moja wakihama kutoka suluhisho hadi suluhisho. Shina lake ni moja. Patisheni hugawa diski, haigawi programu. Ukikiambia kisakinishi kiweke programu kwenye D, kitaweka huko faili zake kubwa, na mengine mengi kitayapeleka C bila kukuuliza. Kwa hiyo bakapu ya C peke yake ni nusu ya programu, na bakapu ya D peke yake ni nusu nyingine. Ukilishika hilo, karibu kila kosa utakalokutana nalo linaanza kueleweka.

Programu moja, makazi mengi

Chukua programu ya kuhariri video iliyosakinishwa D:\Programu\Video. Humo utaikuta faili yake ya .exe na maktaba zake za .dll. Mapendeleo yako wewe mtumiaji, kama vile njia za mkato za kibodi na orodha ya kazi ulizofungua karibuni, yako C:\Users, ndani ya folda ya AppData iliyofichwa. Mipangilio ya watumiaji wote, mara nyingi pamoja na taarifa za leseni, iko C:\ProgramData, nayo imefichwa. Draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, zikiwapo huingia C:\Windows\System32\drivers. Maktaba zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, kama zile za Visual C++, zinakaa System32. Na kama programu ilisakinishwa kwa kifurushi cha MSI, nakala ya kifurushi hicho hubaki C:\Windows\Installer. Watu huifuta folda hiyo wakitafuta nafasi, kisha wanashangaa programu haikubali kurekebishwa wala kuondolewa.

Juu ya yote hayo ipo rejista, hifadhidata ya Windows inayoeleza programu gani ipo, iko wapi, faili za aina gani zifunguliwe nayo, na huduma zipi, yaani programu zinazoendeshwa nyuma ya pazia, zianze kompyuta inapowaka. Faili zake kuu ziko C:\Windows\System32\config, na sehemu ya kila mtumiaji iko katika faili ya NTUSER.DAT ndani ya folda yake. Ukitaka kuliona jambo hili kwa jicho moja, D ni ghala na rejista ni daftari la ghala hilo. Ukirudisha daftari la mwezi uliopita huku ghala ni la leo, hesabu haziwezi kukubaliana.

Hapa niseme wazi msimamo wangu. Kutenga data kwenye patisheni yake, yaani hati, picha, kazi za wateja, kuna faida ya kweli: Windows ikiharibika unaweza kuisakinisha upya bila kugusa kazi zako. Kutenga programu hakuna faida hiyo. Windows mpya haina daftari la programu zilizoko D, kwa hiyo nyingi utazisakinisha upya hata kama faili zake zote ziko pale pale hazijaguswa. Zinazosalimika ni chache: zile zinazobebeka, zisizoandika chochote kwenye rejista, na baadhi ya maktaba za michezo ambazo kizinduzi chake kinaweza kuzitambua tena ukikionyesha folda. Kama C yako ni ndogo na huna namna, sawa, weka programu D. Lakini usiweke kwa kudhani kwamba umeongeza usalama.

D inayojilazimisha kuingia

Zana ya imeji ya mfumo iliyomo ndani ya Windows, pamoja na nduguye wa dirisha la amri aitwaye wbadmin, haichagui patisheni kwa kuangalia herufi. Inatafuta kila patisheni ambayo bila hiyo mfumo hauwezi kurudi ulivyokuwa. Patisheni ya kuwashia imo, C imo, na mara nyingi patisheni ndogo ya urejeshaji imo. Na imo pia patisheni yoyote yenye faili ya huduma au draiva iliyosajiliwa kwenye Windows. Hili la mwisho ndilo linaloivuta D. Inatosha programu moja tu, kizuia virusi, seva ya hifadhidata, au mfumo wa kuzuia udanganyifu unaokuja na mchezo, iwe na huduma inayoendeshwa kutoka D. Na kwa kuwa imeji hubeba patisheni nzima, D yote itaingia na michezo na video zake. Ndiyo maana mtu mwenye C ya gigabaiti 60 anajikuta zana inamdai nafasi ya gigabaiti 400.

Kumjua mwenye kosa si kazi ngumu. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa haki za msimamizi, uandike:

Get-CimInstance Win32_Service | Where-Object PathName -like '*D:\*' | Select-Object Name, PathName

Kisha irudie amri hiyo ukibadilisha Win32_Service iwe Win32_SystemDriver, ili zionekane draiva pia. Tuseme unapata mstari mmoja kama huu:

postgresql-x64-16   "D:\PostgreSQL\16\bin\pg_ctl.exe" runservice -N "postgresql-x64-16" -D "D:\PostgreSQL\16\data" -w

Usome vizuri mstari huo, maana kila kitu kimo. Jina la kwanza ndilo jina la huduma. Njia (anwani ya faili) ya kwanza ndani ya alama za nukuu ndiyo faili inayoendeshwa, nayo iko D, na hiyo peke yake inaifanya D iwe sehemu ya mfumo machoni pa Windows. Neno la -D linalofuata baadaye halihusiani na herufi ya diski. Ni chaguo la PostgreSQL, seva ya hifadhidata, linaloonyesha folda ya data. Data ingekuwa D na programu ikawa C, D isingelazimishwa kuingia.

Sasa unaamua. Mimi kwa kawaida ningeikubali D iingie, kwa sababu Windows inasema kweli: bila D huduma hiyo haitaanza. Ukiona D ni kubwa mno, iondoe programu hiyo moja na kuisakinisha tena kwenye C, ukiacha data yake D, kisha endesha amri ile ile kuhakikisha hakuna mstari ambao faili inayoendeshwa bado iko D. Njia ambayo siiungi mkono ni ya kuhamisha folda kwa mkono na kwenda kubadilisha njia ndani ya rejista. Utairekebisha sehemu moja, na programu hiyo hiyo imeandikwa katika sehemu kadhaa nyingine usizozijua.

Ukishaamua C na D ziende pamoja, na diski ya nje ni E, amri ni hii:

wbadmin start backup -backupTarget:E: -include:C:,D: -allCritical -quiet

Kuna sura nyingine ya tatizo hili inayowatesa watu zaidi kwa sababu haisemi D popote. Mtu aliwahi kufuta folda ya programu kwenye D badala ya kuiondoa kwa utaratibu, au patisheni yenyewe ilishafutwa zamani. Faili zimeondoka, lakini usajili wa huduma umebaki kwenye rejista, na njia iliyoandikwa humo imevurugika kiasi kwamba Windows haiwezi kuisoma. Bakapu ya hali ya mfumo inapopita kwenye orodha ya huduma inajikwaa hapo na kutoa kosa 0x8007007B, ambalo maana yake ni kwamba jina la faili au folda limeandikwa vibaya. Ile amri ya PowerShell ya hapo juu itakuonyesha njia isiyoeleweka. Ondoa sehemu ya Where-Object hadi alama ya | inayoifuata ukitaka kuona huduma zote. Ukishahakikisha kwamba huduma hiyo ni mabaki ya programu isiyokuwapo tena, ifute kwa sc.exe delete ukifuatisha jina lake. Andika sc.exe kwa ukamilifu, kwa sababu katika PowerShell inayokuja na Windows neno sc peke yake ni ufupisho wa amri nyingine kabisa, ya kuandika ndani ya faili.

Ama kuhusu zana kukataa D iwe mahali pa kuhifadhia, sababu ni nyepesi: patisheni inayopigwa imeji haiwezi kuwa hapo hapo chombo cha kuitunzia. Na hata pale zana inapokubali, kama D iko kwenye diski ile ile moja na C, hujapata bakapu. Diski ikifa, C na D zinakufa pamoja.

Ni vizuri pia kujua kwamba tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka 2017, Microsoft iliitaja zana hii ya imeji kuwa miongoni mwa vitu isivyoviendeleza tena. Bado ipo na inafanya kazi, lakini makosa yake usitegemee yatarekebishwa. Ukihamia zana ya kampuni nyingine, nyingi zitakuruhusu kuchagua C bila D. Uhuru huo ni wako na madhara yake ni yako. Zana haitakuonya kwamba umeacha nusu ya programu.

Nakala kivuli inapogoma

Windows huchukuaje bakapu ya faili ambazo zinatumika wakati huo huo? Inatumia huduma ya nakala kivuli, VSS, iliyokuja na kizazi cha Windows XP na Windows Server 2003. VSS huziomba programu zinazohusika zitulie kidogo, ziandike diskini kilichokuwa bado kwenye kumbukumbu, kisha inaigandisha hali ya patisheni kama ilivyo katika sekunde hiyo. Bakapu husoma hali hiyo iliyogandishwa huku wewe ukiendelea na kazi.

Kwa mwenye programu kwenye D jambo hili lina uzito wa pekee. VSS inaweza kuzigandisha patisheni kadhaa kwa wakati mmoja, mradi ziko ndani ya kazi moja ya bakapu. Ukipanga kazi mbili, C adhuhuri na D usiku, umepata nakala mbili za nyakati mbili. Programu ikijisasisha alasiri, C itakuwa na rejista ya toleo la zamani na D itakuwa na faili za toleo jipya. Kila nakala ni nzima, ukiziunganisha hazipatani. Mtu akiniambia ana bakapu zote mbili na bado programu hazifunguki, swali langu la kwanza huwa hilo: zilichukuliwa pamoja?

VSS ikigoma, anza na amri ya vssadmin list writers katika dirisha la amri la msimamizi. Itakuletea orodha ndefu ya sehemu za mfumo zinazoshiriki, ziitwazo waandishi (writers). Unachotafuta ni hali ya kila mmoja: iwe Stable, na kosa la mwisho liwe No error. Ukiona mmoja ameanguka, jina lake litakuelekeza kwenye huduma ya kuanzisha upya. Mara nyingi kuzima na kuwasha kompyuta kunatosha. Ikiwa huyo huyo anaanguka kila bakapu, na ni wa programu iliyoko D, tatizo liko kwenye programu hiyo, wala usiihangaikie zana ya bakapu.

Kitu cha pili ni mfumo wa faili wa D, yaani namna faili zinavyopangwa diskini. Andika fsutil fsinfo volumeinfo D: usome jina lake. Ikiwa ni FAT32 au exFAT, umeshapata jibu, maana zana ya Windows inataka patisheni za kawaida kama D ziwe NTFS. D iliyotengenezwa zamani, au iliyowahi kutumika na kifaa kingine, mara nyingi ni ya aina hizo. FAT32 inaweza kugeuzwa kwa amri ya convert D: /fs:ntfs bila kufuta faili, lakini nakili data kwanza, umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo utaumia. exFAT haigeuzwi hivyo. Inabidi kuhamisha vitu, kufomati, na kuvirudisha.

Cha tatu ni nafasi, na hapa ndipo kosa la 0x80780119 linapowachanganya wengi. Ujumbe unasema hakuna nafasi ya kutosha kutengeneza nakala kivuli, mtu anaangalia diski ya nje, anaona ina terabaiti tupu, anaamini zana imeharibika. Ujumbe hauzungumzii diski ya nje. Unazungumzia patisheni zinazochukuliwa, kila moja peke yake. Patisheni iliyo chini ya megabaiti 500 inahitaji angalau megabaiti 50 zilizo wazi. Iliyozidi hapo inahitaji angalau megabaiti 320. Na iliyozidi gigabaiti 1 inashauriwa iwe na gigabaiti 1 wazi. D iliyojazwa michezo hadi ukingoni itakwama hapa. Lakini mshukiwa mkubwa zaidi ni ile patisheni ndogo ya urejeshaji isiyo na herufi. Fungua Usimamizi wa Diski (Disk Management) uione ukubwa wake na nafasi iliyobaki. Kama ni ya megabaiti 500 na zaidi kidogo na imejaa, haiwezi kutimiza sharti la megabaiti 320, na dawa ni kuiongezea ukubwa.

Nafasi iliyotengewa vivuli vyenyewe inaonekana kwa vssadmin list shadowstorage, na unaweza kuiongeza hivi:

vssadmin resize shadowstorage /for=D: /on=D: /maxsize=10%

Usiipunguze bila kufikiri. Vivuli vya zamani, pamoja na pointi za kurejesha mfumo, vinaweza kufutwa ili vikae ndani ya kiwango kipya.

Imerudi, lakini haifunguki

Tatizo la baada ya kurejesha ndilo linalouma, kwa sababu linakuja wakati huna pa kurudi. Kabla ya kuanza kusakinisha upya, angalia herufi. Rejista inaikumbuka programu kwa anwani ya D:\Programu\Video. Ikiwa baada ya kurejesha patisheni hiyo imepewa herufi F, kwa sababu D imechukuliwa na diski nyingine uliyochomeka, kila njia ya mkato na kila huduma itaelekea mahali pasipokuwapo. Faili zote zipo, hakuna kilichopotea. Chomoa diski za nje, ingia Usimamizi wa Diski, irudishie patisheni herufi D, kisha anzisha kompyuta upya. Mara kadhaa hiyo ndiyo kazi yote.

Herufi zina mtego mwingine ndani ya mazingira ya urejeshaji, ile skrini ya samawati ya kurekebisha kompyuta. Huko Windows nyingine ndogo ndiyo inayoendesha, na inagawa herufi kwa mpangilio wake. C yako inaweza kuonekana kama D, na D kama E. Kabla ya kuandika amri yoyote ya kufuta au kufomati ukiwa humo, fungua diskpart, andika list volume, na uzitambue patisheni kwa lebo na ukubwa. Zipe patisheni zako lebo zinazoeleweka leo, kabla ya shida.

Kisha kuna Kurejesha Mfumo, kile kipengele cha kurudi kwenye pointi ya nyuma. Kwa kawaida ulinzi wake huwa umewashwa kwa C tu. Ukirudi nyuma wiki mbili, rejista na faili za mfumo za C zinarudi, D inabaki ya leo. Programu iliyosasishwa ndani ya wiki hizo inajikuta na faili mpya na daftari la zamani. Mara nyingi inatosha kuisakinisha juu yake toleo lile lile lililoko D ili usajili uandikwe upya. Kama unategemea pointi hizi, washa ulinzi wa D pia, na ukubali gharama ya nafasi.

Na hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kisanduku kimoja kidogo. Unaporejesha imeji kutoka mazingira ya urejeshaji, kuna chaguo la kufomati na kugawa diski upya zilingane na mpangilio uliomo kwenye imeji. Ukilichagua hilo na imeji yako ina C peke yake, huku D iko kwenye diski hiyo hiyo, D inafutika. Ukiwa na diski mbili za kweli, kipo kitufe cha kuziondoa baadhi ya diski kwenye kazi hiyo; kitumie. Ukiwa na diski moja iliyogawanywa, ihamishe D kwanza mahali pengine. Soma skrini hiyo polepole hata kama una haraka.

Linux nayo ina hadithi hii

Jina linabadilika tu. Mtu ameiweka /opt au /usr/local, folda za programu za ziada, kwenye patisheni ya peke yake, kisha anachukua bakapu kwa rsync, zana ya kunakili faili, na chaguo la -x. Chaguo hilo linaiamuru rsync isivuke mpaka wa mfumo wa faili, nalo ni zuri kwa kuepuka /proc na /sys, folda zisizo na faili za kweli diskini, lakini linaiacha /opt nzima nje kimya kimya. Kwenye nakala utaikuta folda ya /opt, tupu. Dawa ni kuitaja kila patisheni wazi katika amri, na kuangalia findmnt, amri ya kuorodhesha patisheni zilizopachikwa, ili usisahau yoyote. Ukirejesha kwenye diski mpya, UUID (namba za utambulisho) za patisheni zimebadilika, kwa hiyo irekebishe /etc/fstab, faili inayotaja patisheni za kupachikwa, kabla ya kuwasha. Na hakikisha diski ya bakapu imepachikwa kweli kabla rsync haijaanza. Ikiwa haijapachikwa, rsync itaandika kwenye folda tupu ya mahali pa kupachikia na kuijaza patisheni ya mfumo.

Kuhusu hifadhidata, iwe Windows au Linux, kunakili folda yake ya data kwa kunakili faili tu huku seva inaendesha kunaleta nakala isiyoaminika. Tumia pg_dump kwa PostgreSQL au mysqldump kwa MySQL, faili inayotoka iingie kwenye bakapu ya kawaida. Hapo huna haja ya kujali seva ilikuwa patisheni gani.

Kuikagua kabla ya kuihitaji

Imeji ya Windows hukaa katika folda iitwayo WindowsImageBackup kwenye mzizi wa diski ya nje. Usiibadilishe jina na usiiingize ndani ya folda nyingine, la sivyo zana ya kurejesha haitaiona. Ndani yake ipo folda yenye jina la kompyuta, na ndani ya hiyo ipo folda ya tarehe. Humo kila patisheni ina faili yake ya .vhdx (katika Windows 7 zilikuwa .vhd). Hapo unapata ukaguzi wa haraka kuliko wote: tazama ukubwa wa faili hizo. Kama D ina gigabaiti 200 za programu na hakuna faili inayokaribia ukubwa huo, D haimo, hata kama ujumbe wa mwisho ulisema bakapu imefaulu.

Nenda mbele hatua moja. Katika Usimamizi wa Diski chagua kuambatisha diski pepe, onyesha faili ya .vhdx ya D, na utie alama ya kusoma tu ili usiibadilishe kwa bahati mbaya. Itafunguka kama diski ya kawaida. Ingia ndani ya folda ya programu unayoitegemea zaidi, linganisha toleo la faili yake ya .exe na lililoko kwenye kompyuta. Fanya hivyo pia kwa ile ya C, uangalie kama ProgramData na AppData zimo. Ukimaliza, itenganishe kabla ya kuchomoa diski.

Mwisho angalia usimbaji. Ikiwa C na D zote zimefungwa kwa BitLocker, kwa kawaida D hujifungua yenyewe kwa ufunguo unaotunzwa ndani ya Windows iliyoko C. Ukisakinisha Windows upya, au ukirejesha C ya siku ambazo D ilikuwa bado haijafungwa, ufunguo huo haupo na D itakuomba ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Andika manage-bde -status uone hali ya kila patisheni, kisha manage-bde -protectors -get D: uone ufunguo wenyewe. Uandike kwenye karatasi au utunze katika kifaa kingine, kwa C na kwa D, kwa sababu kila moja ina wake.